Kurudi Final Fantasy VIII: usipande levo kabla ya kufungua majini

Anayerudi Final Fantasy VIII, gemu ya RPG ya kukuza wahusika kwa mapigano, kupitia toleo jipya la Remastered hufanya kosa lilelile la mwaka 1999. Anatoka nje ya Balamb Garden, shule ya kijeshi inapoanzia hadithi, anazunguka nyikani na kupiga kila mdudu anayejitokeza mpaka Squall, mhusika mkuu, afike levo ya 20, halafu anaingia kwenye hadithi akijiona shujaa. Gemu nyingine za aina hii zimetufundisha hivyo: ukishindwa na bosi, rudi porini ukakue. Hapa somo hilo linakuponza. Kila levo inadai EXP (pointi za uzoefu) 1000, kwa kila mhusika, tangu mwanzo hadi mwisho, na maadui wengi wanapimwa kwa wastani wa levo ya watu watatu ulionao. Ukikua wewe, nao wanakua. Ukizidisha mapigano bila maandalizi, unajikuta na levo 30 na ngumi ya levo 10, na kidudu kilichokuwa kikifa kwa mapigo mawili sasa kinataka manane.

Nguvu ya gemu hii imewekwa kwenye Junction, yaani kuwafunga majini na uchawi kwenye mwili wa mhusika, na levo ni kivuli tu. Mswahili ana bahati ya kulielewa jambo hili haraka kuliko wengi, maana tumekua tukisikia habari za watu wanaofuga majini. GF (Guardian Force) ni majini ya kufuga. Jini anakaa kwa mtu, anampa uwezo, na anadai malipo yake. Kwenye hadithi malipo hayo ni kumbukumbu, na ukifika katikati ya gemu utaona kwa nini wahusika hawa wamesahau mambo ambayo mtu hawezi kuyasahau. Hata majina yamo humo humo: Ifrit ni afriti yule yule wa hadithi za bibi, na Diablos anatoka ndani ya taa.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unampa mhusika jini. Jini anafungua milango ya mwili: HP-J kwa uhai, Str-J kwa nguvu ya pigo, Mag-J kwa uchawi, na kadhalika. Kwenye kila mlango unaweka aina moja ya uchawi, na kadiri unavyokuwa na idadi kubwa ya uchawi huo ndivyo namba inavyopanda. Mwisho ni 100 kwa kila aina, na mhusika mmoja anabeba aina 32. Cure 100 kwenye HP ni kitu kidogo. Curaga 100 kwenye HP inaongeza zaidi ya 2000. Tornado 100 kwenye Str inaongeza zaidi ya pointi 40, na wakati wa mwanzo hiyo ni tofauti ya kupiga kwa kiganja na kupiga kwa nyundo. Vyote viwili unaweza kuvipata ukiwa bado kwenye diski ya kwanza, Squall akiwa levo ya 8 au 9.

Hapo ndipo wengi walipochoka zamani. Walidhani njia pekee ya kupata uchawi ni kuuchota kwa amri ya Draw katikati ya pambano, mara 3, mara 5, mara 9 ikiwa bahati nzuri, huku adui akiendelea kukung'ata. Kuchota Fire mpaka 100 kwa watu watatu ni adhabu. Gemu haikukukataza kufanya hivyo, lakini pia haikukwambia wazi kwamba kuna njia fupi, nayo inapita kwenye karata.

Kabla ya karata, tuseme kidogo juu ya toleo lenyewe. Gemu ya kwanza ilitoka Japani tarehe 11 Februari 1999 kwenye PlayStation, diski nne. Remastered ilitoka tarehe 3 Septemba 2019 kwa PlayStation 4, Xbox One, Nintendo Switch na kompyuta, na mwaka 2021 ikafika kwenye simu. Sura za wahusika zimechongwa upya, lakini mandhari ya nyuma ni picha zilezile za zamani zilizovutwa zikawa kubwa. Matokeo yake Squall anaonekana kama mtu aliyepigwa picha studio mbele ya pazia lililofifia. Unazoea baada ya saa moja. Muziki wa Nobuo Uematsu haukuhitaji msaada wa mtu.

Kinachobadilisha uchezaji ni vitufe vitatu vya nyongeza. Kwenye pedi ya PlayStation, kubonyeza kijiti cha kushoto (L3) kunaipeleka gemu mara tatu ya kasi yake. Kijiti cha kulia (R3) kinajaza HP na mstari wa zamu, na kinakuruhusu kutumia pigo maalumu muda wote. Vijiti vyote viwili pamoja vinazima mapambano ya njiani. Toleo la kompyuta lina nyongeza zaidi, za kujaza vitu na kadhalika.

Kasi mara tatu ni zawadi halisi. Majini ya gemu hii yana maonyesho marefu ambayo zamani hukuweza kuyaruka. Ukimwita jini mara ishirini kwenye bosi mmoja, chai inapoa. Washa kasi unapochota, unapotembea masafa, unapotafuta AP, pointi ambazo majini husomea ujuzi. Izime pale Squall anapopiga na upanga wake wa bunduki, kwa sababu kubonyeza R1 wakati pigo linatua ndiko kunakoongeza maumivu, na kwa kasi hiyo nafasi ya kubonyeza inakuwa finyu mno.

R3 naionya zaidi. Wengi wanaiwasha siku ya kwanza, wanamaliza gemu bila kufungua menyu ya Junction hata mara tano, kisha wanalalamika kwamba gemu ni nyepesi na haina ladha. Tena haiwalindi kama wanavyodhani: pigo moja likizidi HP yako yote, unaanguka tu, vitufe viwe vimewashwa au la. Kuzima mapambano nako kuna gharama yake. Hupati AP, kwa hiyo majini hawasomi kitu, na cheo chako cha SeeD (askari wa kukodiwa wanaofunzwa Garden), kinacholeta mshahara, kinashuka polepole usipopigana. Kitumie unaporudi sehemu uliyokwisha kuisafisha.

Sasa karata. Mwanzoni kabisa, ukiwa darasani, fungua kompyuta ya mezani kwa Squall uchukue majini wawili wa kwanza, Quezacotl na Shiva. Karibu na lifti ghorofa ya pili kuna mtu anayekupa karata 7 za kuanzia, usimpite. Fungua menyu ya GF uangalie Quezacotl anasoma nini, maana jini akiachwa peke yake husoma anachotaka. Mweke kwenye Card, AP 40. Akimaliza, Card Mod, AP 80. Kisha T Mag-RF. Hiyo ndiyo ratiba yake, na mengine yote yasubiri. Shiva asome I Mag-RF. Ifrit, utakayempata kwenye Fire Cavern, analeta Str-J na atasoma F Mag-RF. Kila kitu chenye RF mwishoni ni ujuzi wa kukamua: unaingiza kitu, unatoa uchawi.

Card ni amri ya pambano inayomgeuza adui kuwa karata. Ina siri mbili. Ya kwanza, adui aliyegeuzwa anatoa AP lakini hatoi EXP. Kwa maneno mengine, majini wako wanasoma na wewe hupandi levo, ambayo ndiyo hali tunayoitaka. Ya pili, inafanikiwa zaidi adui akiwa amebakiza HP kidogo. Kwa hiyo mjeruhi kwanza, mwache akipumua kwa shida, ndipo umgeuze. Kosa la kawaida ni kumpiga adui dhaifu kwa nguvu nyingi akafa. Ikikutokea mara kwa mara, ondoa uchawi kwenye Str ya mhusika mmoja, yeye awe wa kujeruhi. Watu hawageuzwi. Askari wa Galbadia, taifa adui, wanabaki askari, na EXP yao huwezi kuikwepa ukiwaua. Unaweza kuwakimbia kwa kushikilia L2 na R2. Karibu mabosi wote hawatoi EXP, wanatoa AP tu, kwa hiyo usiwaogope kwa hesabu ya levo.

Upande mwingine ni Triple Triad, mchezo wenyewe wa karata. Ubao wa vyumba tisa, kila mtu karata tano, kila karata na namba nne pembeni. Namba kubwa inaila ndogo inayogusana nayo, na A inasimama kwa kumi. Karata zote ziko 110. Sheria ya Balamb ni Open peke yake: unaona mkono wa mpinzani, na mshindi anachukua karata moja. Hakuna sheria rafiki kuliko hii duniani kote humo, kwa hiyo kaa Balamb ucheze mpaka uchoke.

Ukimshinda Ifrit unapata karata yake. Juu ina 9, kushoto 8, kulia 6, chini 2. Iweke kona ya chini kulia, pale 2 na 6 zinagusa ukuta na dunia inaona 9 na 8 tu. Ukielewa kwa nini umeiweka hapo, umeelewa nusu ya mchezo: kila karata kubwa ina kidonda, na kona au ukuta ndiyo plasta yake. Halafu watafute Trepies, wale mashabiki wa mwalimu Quistis ndani ya Garden, uwinde karata ya Quistis yenye A chini. Mama yake Zell, mjini Balamb, anayo ya Zell. Ukishakuwa na hizi tatu, wanafunzi wa Garden ni shamba la kuvuna.

Unavuna nini? Zaidi ya yote Abyss Worm. Card Mod inageuza karata moja ya Abyss Worm kuwa Windmill moja, na T Mag-RF inaikamua Windmill moja kuwa Tornado 20. Karata tano, Tornado 100. Kumi na tano, watu watatu wamejaa. Haitoki kila mara. Unacheza, unaangalia mkono wake, kama haipo unachukua nyingine au unajiondoa na kuanza upya. Wakati huohuo chukua samaki wa pwani ya Balamb, Fastitocalon-F, wanaoacha Fish Fin; I Mag-RF inaikamua moja kuwa Water 20. Water kwenye Str si Tornado, lakini inatosha kukuvusha wakati Abyss Worm wanagoma kutokea.

Curaga inapatikana dukani kwa mlango wa nyuma. Jini Siren akishasoma L Mag-RF, hema moja (Tent) linatoa Curaga 10. Hema ni gil (fedha ya gemu) 1000. Mahema kumi, Curaga 100, HP ya mtu mmoja imepanda zaidi ya 2000, kwa gil 10,000. Hakuna biashara nyingine ya diski ya kwanza inayolipa hivi. Hapa ndipo mshahara unapoingia. Kwenye menyu kuna mitihani ya SeeD, 30 kwa jumla, kila mmoja maswali kumi ya ndiyo na hapana, na kila ukifaulu cheo kinapanda. Lakini huruhusiwi kufanya mtihani unaozidi levo ya Squall. Squall wa levo 8 anaishia mtihani wa 8. Watu wanaoshikilia levo ya chini kwa ukali wa dini husahau hili, wanakosa hela, kisha wanashangaa mahema yanatoka wapi. Rai yangu: mwache Squall apande kidogo, hadi kumi na kitu, ufanye mitihani yote inayoruhusiwa siku hiyo hiyo. Hasara ya levo chache ni ndogo kuliko hasara ya mshahara.

Siren mwenyewe unamchota. Yuko ndani ya Elvoret, bosi wa mnara wa mawasiliano kule mji wa Dollet. Fungua Draw, utaona jina lake kwenye orodha pamoja na uchawi. Mchote kabla hujamuua bosi. Hili linawapata hata wakongwe, kwa sababu kwa Tornado kwenye Str, Elvoret anakufa kabla hujakumbuka kumpekua. Tabia nzuri ni moja: kila bosi mpya, zamu ya kwanza ni ya kufungua Draw na kusoma orodha, hata kama huna haja. Carbuncle, Leviathan, Pandemona, Alexander, wote wamefichwa hivyo ndani ya mabosi. Ukiwakosa hujapoteza kabisa. Mabosi wa ngome ya Ultimecia, adui wa mwisho, kwenye diski ya nne wanawabeba tena. Lakini kumpata Siren mwishoni mwa gemu ni kama kupata mwavuli masika yakiwa yamekwisha.

Kule Dollet kuna jambo jingine. Seifer, mpinzani wa Squall, yuko kwenye kikosi chako kwa muda tu. Mchotee uchawi kama wengine, na kabla hajaondoka mhamishie Squall kila alichonacho. Baadaye gemu itakuletea mchawi Edea kwa namna hiyohiyo, naye ataondoka, fanya vilevile.

Na usicheze karata Dollet. Hapo ndipo watu wanapoiharibu Balamb yao bila kujua. Dollet ina sheria ya Random: gemu inakuchagulia karata tano kutoka mkoba wako wote badala ya kukuachia uchague. Sheria za eneo ulilocheza mwisho unatembea nazo, na ukikaa na mpinzani wa eneo lenye sheria tofauti, anakuuliza kama mchanganye. Ukikubali, sheria inaweza kuhamia huko na kubaki. Random ikiingia Balamb, Ifrit na Quistis wako wanalala mkobani huku wewe ukicheza na takataka. Jibu ni kukataa. Kataa, ongea naye tena, kataa tena. Ipo mara atakayokubali kucheza bila kuchanganya. Sevu kabla ya kumkaribia mtu wa eneo jipya. Na kama Random imeshakushika, Card Mod ni ufagio: geuza karata zako zote dhaifu kuwa vitu, mkoba ubaki na wakali tu, basi hata gemu ikichagua yenyewe itachagua vizuri. Ila karata za majini na za wahusika, zile ambazo ni moja moja, zifikirie mara mbili kabla ya kuzigeuza kama una nia ya kukusanya zote 110.

Baada ya kufaulu SeeD na kabla ya kwenda mji wa Timber, mkuu wa Garden anakupa taa. Usiiwashe kwa papara. Ndani yake yumo Diablos, na pambano linaanza pale pale. Naye anakua kulingana na levo yako, kwa hiyo aliyekaa chini ana nafuu na aliyepanda levo bila Junction atajuta. Mapigo yake ya mvutano yanakula sehemu ya HP, kwa hiyo yanatisha zaidi kuliko yanavyoua. Kinachoua ni pigo lake la kawaida baada ya hapo. Mpofushe kwa Blind, ponya baada ya kila mvutano, piga. Thamani yake ni Enc-None, kuzima mapambano ya njiani. Aliye na Remastered atasema kitufe kinafanya kazi hiyohiyo, na ni kweli. Hata hivyo Diablos anakuja na ukamuaji wa Time Mag-RF na ST Mag-RF, na huo hauna kitufe.

Kuna makosa madogo yanayoharibu kazi yote hii. Kubwa kuliko yote ni kutumia uchawi uliofungwa mwilini. Ukiwa na Curaga 100 kwenye HP, kila Curaga unayoitupa kwa mwenzako inapunguza uhai wako mwenyewe. Weka Cure au Cura ya kutupa kando, au tumia dawa za dukani. La pili ni kitufe cha Auto kwenye menyu. Kinapanga haraka kwa kipaumbele cha mashambulizi, uchawi au ulinzi, na kwa dharura kinafaa, lakini hakijui unaelekea kupigana na nani. Ukiwa na Elem-Atk-J (mlango unaolitia pigo lako moto, barafu na kadhalika) yenye Fire, kisha ukakutana na kiumbe kinachokula moto, kila pigo lako ni dawa kwake. Ukiwa na Drain, uchawi wa kunyonya uhai, kwenye ST-Atk-J (mlango unaolitia pigo athari za namna hiyo), ukampiga maiti anayetembea, damu inatoka kwako kwenda kwake. Watu hudhani gemu imeharibika.

La tatu ni kubadilishwa kwa kikosi. Hadithi inapenda kuwatenganisha: hawa huku, wale kule. Uchawi ni mali ya mtu binafsi; Tornado aliyobeba Squall haimsaidii mwenzake Selphie. Kwenye menyu ya Switch kuna kipengele cha kubadilishana Junction, kinachohamisha majini, amri na uchawi wote kutoka mtu mmoja kwenda mwingine kwa mkupuo. Kitumie kabla ya kugawa vikosi. Zile ndoto za Laguna, ambamo unawachezesha askari wengine, nazo zinachukua mpangilio wa watu watatu waliopo wakati huo, kwa hiyo ukilala na watu watupu, Laguna anaamka mtupu.

Je, kuna wakati wa kupanda levo? Upo, na wengi wa kundi la "levo ya chini milele" hawapendi kuusikia. Baadhi ya majini wana ujuzi wa kuongeza pointi ya kudumu kila unapopanda levo: Str Bonus kwa Ifrit, Mag Bonus kwa Siren, HP Bonus kwa jini Brothers. Levo ulizopanda kabla ya kuzisoma hazirudi, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kujizuia mwanzoni. Ukishazisoma, panda kwa faida. Tena maadui wa levo za chini wana mifuko mitupu: kwa wengi wao orodha ya vitu na uchawi inabadilika wakifika 20, na inabadilika tena 30. Ukihitaji vitu vya kiwango cha juu huku wewe uko chini, jini Tonberry ana LV Up, inayompandisha adui levo ndani ya pambano. Ana LV Down pia kwa siku ukiwa umezidiwa.

Kwa anayependa sifa, upanga wa mwisho wa Squall, Lionheart, unaweza kutengenezwa mapema kuliko hadithi inavyotarajia. Unataka Adamantine 1, Dragon Fang 4 na Pulse Ammo 12. Duka la vyuma halidai uwe na gazeti la silaha. Ukiwa na vitu vyenyewe upanga unatokea kwenye orodha. Adamantine inatoka kwenye karata ya Minotaur, unayoipata ukiwashinda Brothers kwenye kaburi la mfalme asiyejulikana: karata moja, Adamantine 10. Dragon Fang wanaziacha madubwana wa Grendel. Pulse Ammo ndiyo kazi ngumu. Karata kumi za Elnoyle zinatoa Energy Crystal moja, na Ifrit kwa Ammo-RF anaikamua kuwa Pulse Ammo 10. Kumi si kumi na mbili, kwa hiyo unahitaji Elnoyle ishirini. Sisemi inafaa. Kwa Tornado kwenye Str diski ya kwanza haina bosi anayestahili upanga huo. Lakini wapo wanaoifanya, na kasi mara tatu imewapunguzia nusu ya uchungu.

Tahadhari moja ya katikati: jini Odin. Yuko magofu ya Centra, na saa ya dakika 20 inaanza kuhesabu ukikubali kuingia. Ukimpata, anaanza kujitokeza mwenyewe mwanzoni mwa mapambano na kukata kila kitu, na hakuna namna ya kumzima. Anayekusanya karata kwa amri ya Card atamchukia. Maliza kuvuna ndipo uende kumchukua.

Diski ya nne inafunga miji yote, kwa hiyo mahema, vyuma na kila cha dukani vinunuliwe kabla ya kuingia kwenye msongamano wa wakati, sehemu ya mwisho ya hadithi. Karata bado zinachezeka: watu wa CC Group, kundi la wachezaji karata wa Garden, wanapatikana ndani ya Ragnarok, chombo chako cha kuruka. Ndani ya ngome ya Ultimecia unanyang'anywa uwezo wako, vitu nane: vitu vya mkobani, uchawi, GF, Draw, amri, kufufua, pigo maalumu na hata kusevu. Kila bosi wa ngome ukimwangusha anakurudishia kimoja unachochagua. Kusevu kwanza kwa asiyejiamini. Mwenye Str ya Tornado au zaidi anaweza kuchagua uchawi au kufufua, kwa sababu pigo la kawaida halifungiwi, nalo ndilo ulilokuwa ukilijenga muda wote huo.

Pambano la mwisho linakuchagulia watu. Gemu inatoa watatu kati ya sita kwa bahati, na anayeanguka akachelewa kufufuliwa anamezwa na wakati, nafasi yake inachukuliwa na mwingine kutoka pembeni. Kikosi cha watu watatu wenye kila kitu na watatu watupu ndicho kinachoshindwa hapa. Kabla ya mlango, gawa majini kwa wote sita, kila mmoja awe na angalau HP-J na Str-J au Mag-J, na kila mmoja awe na Curaga zake 100 kwenye HP. Mahema sitini yanawatosha wote. Ukiwa na wawili uliowapendelea na hutaki kuwakosa, kuna njia ya ukatili: waache watupu wale usiowataka waanguke zamu za mwanzo, ngoja wamezwe, wapendwa wako waingie. Inafanya kazi. Ila iandae kwa uchawi wa kutosha kwa atakayebaki amesimama peke yake kati ya kumezwa kwa mmoja na kuingia kwa mwingine, maana Ultimecia hasubiri kikosi kijae.